Shajara ya chupa kumi na nne: Bordeaux na Rioja, umri kwa umri

Jumamosi, 13 Januari 2024

Nimenunua daftari, nimenunua chupa saba za mwanzo, mradi umeanza.

Chanzo chake ni swali la mjomba. Mjomba analima zabibu Hombolo, nje kidogo ya Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mwezi uliopita aliniuliza kwenye simu: "Mwanangu, wewe unakaa kwenye nchi yenyewe ya mvinyo. Ule wa zamani unasifiwa kwa lipi? Na je, kila mvinyo ukiwekwa unakuwa mzuri?" Mwaka wa sita huu naishi Bordeaux, Ufaransa, nafanya kazi jikoni kwenye mkahawa, naona chupa zikifunguliwa kila usiku. Nilipotaka kumjibu nikakuta maneno yote niliyo nayo ni ya kuazima. Nimewasikia wateja wakiyasema, mimi mwenyewe sijawahi kuyahakikisha kwa ulimi wangu.

Kwa hiyo nitahakikisha. Nitaweka mvinyo mwekundu wa Bordeaux na wa Rioja, Uhispania, meza moja, umri mmoja, kuanzia mchanga hadi wa miaka 20. Nimechagua hizi mbili kwa sababu ni majirani na zinatumia pipa lilelile: pipa la mwaloni la lita 225, linalojaza chupa 300. Aina za zabibu ndizo zinazotofautiana. Bordeaux wana Cabernet Sauvignon na Merlot hasa. Rioja wana Tempranillo, jina linalotokana na neno la Kihispania lenye maana ya "mapema", kwa kuwa huiva kabla ya wenzake, nao huchanganya na Garnacha, Graciano au Mazuelo.

Mezani tutakuwa watano: mimi, shemeji ambaye ni mzaliwa wa Tanga, dada wa Bukavu ambaye ni muuguzi, mwenzangu wa jikoni aliyezaliwa Logroño huko Rioja, na mzee wa ghorofa ya pili, Mfaransa aliyefanya kazi kwenye maghala ya mvinyo ya Médoc, sehemu mojawapo ya Bordeaux, mpaka akastaafu. Masharti: chupa zitafungwa kwa karatasi ya jikoni, kila mtu atamiminiwa mililita 50, glasi zote za aina moja, atakayetaka kutema ateme, na hakuna kufungua mdomo kusema kabla ya kuandika. Kilichobaki kwenye chupa tutakionja tena baada ya saa mbili, na mimi nitakionja kesho yake.

Jumamosi, 27 Januari

Meza ya kwanza: michanga. Bordeaux ya kawaida ya 2022 na Rioja ya 2022 yenye lebo ya nyuma ya kijani. Lebo hizo za nyuma za Rioja zinasaidia sana dukani: kijani ni mvinyo usio na masharti ya kukalishwa, yaani kuwekwa ukomae, nyekundu ni Crianza, damu ya mzee ni Reserva, buluu ni Gran Reserva, kila ngazi ikikalishwa zaidi ya iliyotangulia. Ukizijua rangi hizo huna haja ya kujua Kihispania.

Mwaka 2022 hapa Bordeaux ulikuwa wa joto na ukame, ndio mwaka misitu ya Landiras na La Teste ilipoungua. Joto hilo linasikika kwenye glasi. Rangi ilikuwa ya zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka, na harufu ilikuwa ya matunda meusi pamoja na kitu cha kijani ambacho mimi nilikiandika "pilipili hoho". Mzee akaangua kicheko cha furaha akanishika bega. Hiyo hoho ndiyo alama ya Cabernet, alisema, wao walifundishwa kuitafuta tangu siku ya kwanza kazini.

Rioja ilikuwa nyepesi zaidi, nyekundu ya stroberi, inateremka bila ubishi. Kura: wanne Rioja, mmoja Bordeaux.

Tulipoteza nusu saa nzima kwenye neno moja, na sijutii. Shemeji alisema Bordeaux ni "chachu". Dada wa Bukavu akakataa: "Hapana, hii iko inakauka mu kinywa, iko kama ndizi mbichi." Ni vitu viwili tofauti na lugha yetu ina neno kwa kila kimoja. Uchachu ni wa ndimu, unaleta mate. Ukakasi ni wa bibo: unauma tunda, ulimi na fizi zinajikunja kana kwamba mtu amezipangusa kwa kitambaa kikavu. Ukakasi huo kwenye mvinyo unatokana na tanini, ambayo iko kwenye maganda na kokwa za zabibu, na nyingine hutoka kwenye mbao za pipa. Tanini hukamata protini za mate, ndiyo maana kinywa hukosa ulaini. Wageni mkahawani hutumia maneno kumi kuieleza hali hii. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kuokota bibo anaijua kwa neno moja.

Kuanzia leo daftari lina safu tatu: ukakasi, uchachu, harufu.

Jumamosi, 17 Februari

Miaka mitano. Crianza ya 2019 (euro 9) na, kwa upande wa Bordeaux, Haut-Médoc ya 2019 (euro 14).

Tulikuwa hatujaionja bado, tunanusa tu, shemeji akaweka glasi chini akasema: "Jamani, nani kapika na nazi?" Hakuna aliyepika. Nazi ilikuwa kwenye glasi namba mbili, na tulipofungua karatasi namba mbili ilikuwa Crianza. Mwenzangu wa Logroño akaeleza kwamba nyumba nyingi za mvinyo za Rioja zimezoea mwaloni wa Marekani, na mwaloni huo una kiasi kikubwa cha laktoni, kemikali yenye harufu ya nazi, kuliko mwaloni wa Ufaransa. Vanila nayo hutoka hukohuko. Mwaloni wa Ufaransa harufu yake iko karibu zaidi na karafuu na moshi mwembamba. Nimekaa miaka yote hii nikisikia "harufu ya mbao" bila kuambiwa mbao zipi. Mtu wa Tanga kaijua kwa pua kabla ya kuambiwa chochote.

Haut-Médoc ilitunyima. Ukakasi ulikuwa mkali kuliko ule wa Bordeaux ya 2022, na harufu ilikuwa imejifungia. Baada ya saa mbili ililegea kidogo. Kura: wanne Crianza, na mzee peke yake akasimama na ya kwao. "Mmemwamsha mtoto usingizini," alisema, "halafu mnashangaa analia."

Usiku huu nimeelewa jambo ambalo nadhani ndilo litakalobeba mradi mzima. Kwa sheria ya Rioja, Crianza nyekundu haiuzwi kabla ya kutimiza miaka miwili, mmoja kati ya hiyo ikiwa ndani ya pipa. Reserva ni miaka mitatu, mmoja ndani ya pipa na angalau miezi sita ndani ya chupa. Gran Reserva ni miaka mitano, miwili ya pipa na miwili ya chupa ikiwa ndiyo kiwango cha chini. Ina maana Mhispania ndiye anayengoja. Anaifungia fedha yake ghalani kwa miaka, kisha anakuuzia kitu kilicho tayari. Bordeaux hakuna ngazi kama hizo. Nyumba kubwa huonjesha wafanyabiashara mvinyo ukiwa bado kwenye mapipa, majira ya kuchipua yanayofuata mavuno, na kuuza papo hapo kabla haujaingia chupani. Kungoja anaachiwa mnunuzi.

Basi "miaka mitano" yetu ya leo haikuwa sawa kwa sawa. Mmoja alishakaa shule, mwingine alikuwa bado mlangoni.

Jambo lingine la leo: Crianza zilizobaki ni mbili, pacha, za kasha moja. Moja nimeilaza kwenye chumba cha chini cha jengo letu, ambako kipimajoto kinasoma nyuzi 15. Nyingine nimeiweka juu ya kabati la jikoni, karibu na jiko. Zitafunguliwa Septemba.

Jumamosi, 9 Machi

Usiku mbaya. Reserva ya 2015 na Saint-Estèphe, mvinyo wa kijiji cha Médoc chenye jina hilo, ya 2015, mwaka uliosifiwa Bordeaux nzima, nami nilikuwa nimeungoja tangu Januari. Saint-Estèphe ilikuwa na ugonjwa wa kizibo. Harufu ya boksi lililolowa na kukaa stoo, matunda yamefutika kabisa. Kinachofanya hivyo ni kemikali iitwayo TCA, inayozaliwa pale ukungu unapokutana na klorini kwenye gamba la mti wa kizibo, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa ni nanogramu chache tu kwenye lita. Haimdhuru mnywaji. Inaua starehe tu.

Ninachotaka kikumbukwe ni kwamba watatu kati yetu hawakuitambua. Waliandika "hauna harufu", "umechoka", "mkali". Kama chupa hiyo ingekuwa peke yake mezani wangeondoka wakiamini kwamba mvinyo wa miaka tisa huwa hivyo. Ni watu wangapi wameuchukia mvinyo mkuukuu kwa sababu ya kizibo kimoja?

Muuza duka alinibadilishia bila maneno. Niliifungua tarehe 16 na Reserva ile iliyobaki nusu haikufaa tena kulinganishwa, kwa hiyo nilitegemea tulichoandika. Kura tatu kwa mbili, Saint-Estèphe. Ukakasi wake ulikuwepo lakini umepigwa randa. Ni mara ya kwanza Bordeaux kushinda.

Jumapili, 7 Aprili, Haro

Tumelala Haro, mji mdogo wa Rioja Alta ambao treni iliufikia mwaka 1863. Kutoka Bordeaux ni mwendo wa kama saa nne kwa gari. Shemeji ndiye dereva, na jana alitema kila tone kwa nidhamu ambayo mimi sina.

Mtaa wa Stesheni ndio kiini cha ziara yetu. Nyumba za mvinyo zimejipanga kando ya reli kama maduka ya wahindi kando ya barabara kuu ya mji wa zamani: R. López de Heredia ya mwaka 1877, CVNE ya 1879, La Rioja Alta ya 1890. Zilikaa pale kwa sababu ya reli, na reli ilikuwa na kazi kwa sababu ya msiba wa Wafaransa. Miaka ya 1860 kidudu kidogo jamii ya vidukari, filoksera, kilitoka Amerika kikaingia kusini mwa Ufaransa na kuanza kula mizizi ya mizabibu. Kilipoenea, wafanyabiashara wa Bordeaux walikosa mvinyo wa kuuza, wakavuka milima ya Pirenei kuutafuta huku. Filoksera ilifika Rioja baadaye sana, karne ya 19 ikiisha, na kufikia hapo dawa ilishajulikana: kupandikiza mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani, ambalo halidhuriwi na mdudu huyo.

Lakini ufundi ulikuja kabla ya mdudu, na hili sikulijua. Mwaka 1862 serikali ya jimbo la Álava ilimwajiri Jean Pineau, fundi wa Château Lanessan ya Médoc, aje awafundishe wakulima wa Rioja kutengeneza na kukalisha mvinyo kwa mtindo wa kwao. Wakulima walio wengi waliona gharama ya mapipa ni kubwa na fedha inachelewa kurudi, wakaacha. Mkataba ulipokwisha, mwenye nyumba ya mvinyo ya Marqués de Riscal akamchukua Pineau kwake. Kwa hiyo pipa la lita 225 ninalolinganisha huku na huku ni la ukoo mmoja. Nilikuja nikidhani nalinganisha mataifa mawili. Ni mwalimu na mwanafunzi, na mwanafunzi akalishika somo la kungoja kuliko mwalimu mwenyewe.

López de Heredia ndiko nilikokaa mdomo wazi. Ghala lao limechimbwa chini ya ardhi, refu, baridi, na utando wa buibui umening'inia juu ya chupa kama mapazia ya kijivu. Hawaufagii. Buibui hula nondo ambao viwavi wao hutoboa vizibo, kwa hiyo wanahesabiwa kama wafanyakazi. Wana karakana yao ya kuunda mapipa kwa mwaloni wa Marekani, huuhamisha mvinyo kutoka pipa hadi pipa kwa mkono, na huung'arisha kwa ute wa mayai. Reserva yao nyekundu ya Viña Tondonia hukaa miaka sita ndani ya pipa. Sheria inadai mmoja. Pipa lao ni kuukuu, halina tena nazi ya kutoa. Linachotoa ni pumzi: hewa kidogo, polepole, kupitia mbao.

Hapo nikapata kipande kilichokuwa kinakosekana. Pipa jipya linaongeza ladha. Pipa kuukuu linaongeza muda. Nimenunua chupa moja ya kupeleka nyumbani na sitaitaja bei yake kwa mke wangu.

Jioni mwenzangu alitupeleka kwa wazazi wake. Walichoma mbavu ndogo za kondoo juu ya makaa ya matawi makavu ya mzabibu, yale yanayokatwa wakati wa kupogoa. Chumvi tu, hakuna kingine. Shemeji alimwambia baba mwenye nyumba kwamba hii ni nyama choma kamili, kasoro kachumbari, na mwenzangu akawa anatafsiri mpaka mkaa ukazimika. Mzee wa ghorofa ya pili amewahi kuniambia kuwa kwao Médoc nao huchoma nyama ya ng'ombe kwa matawi hayohayo. Mafuta ya kondoo yalikutana na Reserva, ukakasi ukayeyuka, kwa sababu tanini ilipata protini nyingine ya kushika badala ya ulimi wangu. Nimekuwa nikiwaandalia wenzangu mkate mkavu mezani kwa ajili ya haki. Haki ni sawa, ila mvinyo huu haukutengenezwa kwa ajili ya mkate mkavu.

Jumamosi, 4 Mei

Miaka 20. Gran Reserva ya 2004, mwaka ambao baraza la Rioja liliupa daraja la juu kabisa, na Saint-Estèphe ya 2004, mwaka wa kawaida tu kwa Bordeaux. Nikaongeza chupa ya tatu: Bordeaux ya kawaida ya 2005, niliyoinunua soko la vitu vikuukuu kwa euro 6 kwa sababu niliona 2005 na kukumbuka sifa za mwaka huo.

Chupa nimezisimamisha tangu Alhamisi ili mashapo yatulie chini. Kizibo cha Saint-Estèphe kilikatika katikati, nusu ya pili nikaitoa kwa kifungulio cha meno mawili kinachoteleza pembeni ya kizibo. Mikono ilitetemeka. Kisha nikamimina kwenye jagi polepole, mshumaa ukiwa nyuma ya shingo ya chupa, nikasimama nilipoona mstari mweusi wa mashapo unakaribia. Mashapo yenyewe ni tanini na rangi zilizoshikana zikawa nzito zikazama. Ndiyo maana mvinyo mkuukuu una ukakasi mdogo na rangi pungufu: sehemu yake imelala chini ya chupa.

Ya 2005 tuliianza nayo. Rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha, harufu ya siki na uyoga. Dada wa Bukavu akaweka mkono juu ya glasi yake: "Huyu alishakufa zamani, tuache kumusumbua." Shemeji, ambaye tangu Januari anatuambia kwamba vya kale ni dhahabu, alikaa kimya.

Mzee alieleza vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumsikia mkahawani. Mvinyo ule ulitengenezwa unywewe ndani ya miaka mitatu minne. Mzabibu uliachwa uzae vichala vingi, maganda hayakukaa sana na maji ya zabibu, tanini ikawa haba. Mwaka mzuri uliupa tabasamu la ujanani, haukuupa akiba. Kuzeeka ni kula akiba: tanini, uchachu, matunda. Asiye na akiba haongezewi kitu na miaka.

Gran Reserva ilikuwa tayari dakika ileile tulipoimimina. Rangi ya tofali pembeni, tende, ganda la chungwa lililokauka, tumbaku, na nazi kwa mbali sana. Uchachu bado hai, ndio ulioishika wima. Dada aliandika "inanikumbusha sanduku la bibi", na sikutaka afafanue zaidi.

Saint-Estèphe kwa dakika ishirini ilinuka kabati lililofungwa. Nikadhani nimepoteza fedha. Baada ya saa moja ikafunguka: mbao za mwerezi, majani makavu, udongo wa mvua ya kwanza, na chini yake zambarau bado zipo, kwa miaka 20. Ile hoho ya ujanani imegeuka kuwa majani ya tumbaku. Nilinyanyua kichwa nikakuta mzee anafuta macho. Hakuna aliyemwuliza.

Kura: Saint-Estèphe tatu, Gran Reserva mbili. Mwenzangu wa Logroño na mimi ndio tuliobaki Rioja. Kesho yake asubuhi nilionja mabaki. Rioja ilikuwa imefifia, Saint-Estèphe imesimama.

Jumamosi, 18 Mei

Mjomba kapiga simu. Nimemwambia: hapana, si kila mvinyo, na si wote kwa sababu moja. Akauliza kama tanini iko kwenye maganda, je, akiyaacha maganda muda mrefu zaidi atapata mvinyo wa kukaa? Nimemwambia atapata ukakasi, lakini bila uchachu wa kutosha utachoka mapema, na zabibu za kwenye jua kali hupoteza uchachu wao zinavyozidi kuiva. Akasema basi vuno lijalo atalivuna mapema kidogo, ajaribu aone. Mjomba ana haraka ya kujaribu kuliko mimi ninayelala juu ya daftari.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku ya pacha. Crianza moja imelala miezi saba chumba cha chini, ambako joto halikuvuka nyuzi 17. Pacha wake amekaa juu ya kabati la jikoni. Mwezi Agosti kipimajoto kilisoma 31 pale juu.

Safari hii sikutaka kura ya "upi mzuri". Nilitaka kujua kama tofauti ipo kweli, kwa sababu akili hupenda kujidanganya. Hapahapa Bordeaux, mwaka 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliiamuru pua. Hao walikuwa wanafunzi wa fani hiyo. Sisi ni nani?

Kwa hiyo: kila mtu glasi tatu zilizozungushiwa karatasi ili rangi isionekane, mbili za chupa moja na moja ya chupa nyingine. Kazi ni kuitaja ya peke yake. Mara mbili kila mtu, jumla majaribio kumi. Anayebahatisha atapata moja kati ya tatu, yaani tatu au nne kwa kumi. Tulipata saba. Nimefanya hesabu mara mbili: kupata saba au zaidi kwa bahati tupu hutokea kama mara mbili katika mia. Nimeridhika.

Ya jikoni ilikuwa na harufu ya matunda yaliyopikwa, kama jemu iliyokaribia kuungua, na mwisho wake mkavu. Ya chini ilikuwa ileile ya Februari, labda laini zaidi. Chupa mbili za mama mmoja, umri mmoja kwa tarehe, na moja imezeeka kwa kiangazi kimoja kuliko mwenzake. Nimeyaangalia upya matokeo ya Mei kwa wasiwasi. Gran Reserva ilitoka moja kwa moja kwenye ghala la nyumba iliyoitengeneza. Saint-Estèphe ilitoka kwenye ghala la mtu binafsi hapa mjini. Ile ya 2005 sijui imelala wapi miaka 18, na pale sokoni ilikuwa imesimama juani. Huenda nilimhukumu kwa kosa la walezi wake. Nimeandika hilo kwa kalamu nyekundu pembeni ya ukurasa wa Mei, lisisahaulike.

Mkahawani kesho nitawaomba wazihamishe chupa zilizo juu ya mashine ya kahawa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Zimebaki mbili: Haut-Médoc ya 2019, ndugu wa yule tuliyemwamsha Februari, na ile ya Haro. Nimezilaza chumba cha chini na kuzifungia vikaratasi. Haut-Médoc: 2031. Ya Haro imeandikwa "tayari", maana walishaingoja wao, ila tumekubaliana kuifungua siku dada atakapopata cheti chake cha uuguzi bingwa.

Mjomba ametuma picha. Amechimba shimo chini ya stoo, mita mbili na nusu, akalijengea ngazi za matofali, na kipimajoto nilichomtumia kinasoma nyuzi 23, asubuhi na mchana. Ni joto kuliko Haro, lakini halipandi wala halishuki, na hilo ndilo nililokuwa naliombea. Ameziweka humo chupa sita za mavuno ya Agosti, zimelala. Atafungua moja kila baada ya miezi mitatu, na chupa mpya ya dukani pembeni yake kwa kulinganisha, yeye na shangazi, kila mmoja akiandika kabla ya kusema. Shangazi ameshanunua daftari lake mwenyewe. Safu tatu. Ya kwanza ni Januari.